Kitovu cha Gurudumu

Mchopa, kabla hujawasha gari, shuka.
Tandika kanga yangu hii, lala chini;
mchanga wa Newala mwekundu, haufuliki.
Tazama ndoano imemeza mpira wake wote,
si nusu, si "inatosha".
Ukisikia tak, usiliamini sikio:
pandisha shingo ya tela kwa jeki.
Pikapu ikiinuka nayo, hao wameoana.
Isipoinuka, wamechumbiana tu.

Cheni mbili zipishanishe chini,
ya kulia kushoto, ya kushoto kulia,
kama mikono ya mkunga.
Siku ndoano ikivunja ahadi
shingo idondokee humo, isilambe lami.

Nyumba hii nyepesi. Plaiwudi na alumini;
fundi Nandonde wa Chuno aliipima
kipande kwa kipande kwenye mizani ya korosho,
hesabu akaandika kwa chaki mlangoni:
kilo mia tatu na arobaini, tupu.
Lakini nyepesi siyo tiifu.
Unyoya nao mwepesi, nani amewahi kuuongoza?

Msimu wa kwanza nilipakia mwenyewe.
Cherehani nyuma, pasi ya mkaa nyuma,
majora ya vitenge nyuma, karibu na mlango,
nikifika mnadani nisihangaike.
Chilumba akasema, "Uzito mbele."
Nikamjibu, "Wewe endesha. Mshonaji ni mimi."

Mteremko wa kwenda Masasi haukutaka maneno yetu.
Mkia ulianza taratibu, kama atikisaye bega
kwa ngoma iliyo mbali.
Kisha kiuno.
Kisha tela zima, kushoto, kulia, kushoto,
na pikapu ikajikuta inachezeshwa.
Nikapiga kelele: Breki! Breki!
Hakukanyaga. Hakukata kona.
Aliondoa mguu kwenye mafuta, basi,
akaushika usukani
kama aliyebeba bakuli la uji wa moto,
akangoja.
Sijamwona tena mtu akingoja vile.

Tulisimama kando ya rundo la kokoto.
"Nilikwambia" hakulisema.
Tulihamisha cherehani mbele ya ekseli,
yeye kashika kichwa, mimi miguu,
kimya, kama wabebao mgonjwa.
Na tangu siku ile, mteremko ukianza,
anarudisha gia kabla gari halijaomba.

Tairi usizitazame meno tu, zitazame mbavu.
Tairi ya tela huzeeka imesimama,
inapasuka nyufa ndogo kama kisigino changu.
Taa: niite nisimame nyuma.
Kushoto. Kulia. Breki.
Ikikonyeza kivivu, ni kutu kwenye waya wa bodi;
chumvi ya Mtwara mjini hiyo, ilipanda na sisi.
Piga msasa.
Darini paka silikoni kabla ya masika;
mvua hulijua tundu la msumari
kuliko aliyeupigilia.

Na grisi, mwanangu. Grisi.
Mwaka juzi, Chilumba ameshazikwa,
niliona aibu kumwomba mtu anifungulie beringi.
Karibu na Mnazi Mmoja nikasikia harufu ya chuma,
nikajisemea kuna mtu anachoma taka.
Gurudumu langu likanipita upande wa kulia,
halina haraka,
likaingia kwenye muhogo wa watu.
Nilicheka kwanza. Kulia kulikuja baadaye,
nilipokuwa nalibiringisha peke yangu kulirudisha.

Kwa hiyo kila utakaposimama, hata kununua maji,
gusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono,
unavyogusa paji la mtoto anayeshindwa kulala.
Likiwa vuguvugu, nenda.
Likikufukuza mkono, usiende.

Goti langu halisukumi kanyagio tena.
Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua,
nikarudi ndani kupiga pindo la sare za shule.
Saa saba na nusu simu ikalia mezani,
ujumbe kutoka Ndanda, neno moja:
Baridi.

Nikakata uzi kwa meno.